Nyumba ya Miguu

Tulikuwa wanawake wagonjwa wanne ndani ya chumba kile, na mtoto mmoja.

Kitanda cha mlangoni alilala bibi wa Kabambare, mwenye mguu wa matende uliokuwa mzito kama kinu. Marehemu mume wake na baba wa mume wangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo nilimwita bibi kwa haki, si kwa kumpamba. Cha pili alilala mama wa Pangi, mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu, kidonda chenye umri kupita ndoa yake. Huyu hatukuwa damu moja, lakini dada yake aliolewa ng'ambo ya mto, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu. Mumkumbuke huyo dada, maana habari zote za ng'ambo zilipita mdomoni mwake. Cha tatu alilala mke wa karani wa reli, mtu wa Kasai, mwenye mishipa nyuma ya magoti iliyosimama kama mizizi juu ya udongo. Mume wake alikuwa mkubwa wa mume wangu kazini; siku za kwanza nilimwamkia hata kabla sijafungua macho vizuri. Cha nne, cha ukutani, nilikuwa mimi na binti yangu wa kwanza. Na chini, juu ya mkeka, alikaa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuja kunilinda na kunipikia.

Wanaume walikuwa watano. Dokta Mukubwa, Mbeleji mwenye nywele nyeupe, aliyetumwa kutoka Ulaya kuja kufundisha madokta wenzake magonjwa ya mishipa ya damu. Madokta watatu vijana, Wabeleji pia, walioitwa kutoka vituo vyao vya porini kuja kuongeza masomo. Wawili sitawasema sana, wa tatu alitoka Kampene kwenye migodi, na huyo atarudi katika maneno yangu. Na anfirmiye wetu, yaani muuguzi, mtu mweusi kama sisi, mwenye kazi ya kufunga bandeji na kugeuza Kifaransa chao kuwa Kiswahili chetu.

Majina ninayo yote. Ya hao, ya waume zao, ya watoto wao, hata la mbwa wa mlinzi wa hospitali. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao wanaishi hapa mjini, mitaa ya Kasuku na Mikelenge, na hakuna aliyenipa ruhusa ya kutangaza miguu ya bibi zao.

Watu wa mji walikiita chumba kile Nyumba ya Miguu. Ukiingia, uliingia na jina la baba yako, lakini baada ya siku mbili ulikuwa mguu tu. Anfirmiye alikuwa akipita na chakula anasema, "Kidonda, uji wako. Matende, uji wako." Mimi niliitwa Muguu Mweupe.

Nilikuwa nimezaa kambini, kambi ya reli, nimezaa vizuri, kwa mikono ya shangazi huyo huyo. Siku ya tisa mguu wa kushoto ukavimba kutoka paja mpaka vidole, ukang'aa kama muhogo uliotolewa majini, na ndani yake moto. Mume wangu alikuwa safarini na treni. Shangazi akatafuta watu wawili, wakanibeba juu ya kiti mpaka hospitali. Nilifikiri nitapewa dawa nirudi. Lakini anfirmiye alipouona mguu akaita, na madokta wote wanne wakaja karibu kwa mbio. Sijaona tena watu wakifurahia ugonjwa namna ile. Dokta Mukubwa akauzunguka mguu wangu kama mtu anayetaka kununua mbuzi, akasema maneno, na wale watatu wakaandika.

"Wanasema nini?" shangazi akauliza.

"Wanasema mulichelewa kumuleta," anfirmiye akajibu. "Tena wanasema asante kumuleta."

Wakanilaza. Wakaweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa chini, ili miguu yangu iwe juu kuliko kichwa. Halafu anfirmiye akainua kidole.

"Sasa sikiliza vizuri. Hapana kukanyaga chini. Hapana kukaa. Hapana kukanda huo muguu, hata na mafuta, hata na maji ya moto."

"Hata kwenda kujisaidia?"

"Beseni iko. Umeona mawese asubuhi ya baridi, inaganda mu chupa? Damu ya muguu yako njo imeganda vile. Ukisimama, kipande kinaweza kuvunjika, kinapanda mpaka ku moyo. Hapo ni mwisho, mama."

"Mawese yakiganda," shangazi akasema, "sisi tunaweka karibu na moto."

"Huyu si chupa, mama."

Siku zote tisa shangazi alikuwa amenikanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kama walivyokandwa wanawake wote wa ukoo wetu. Hakumwambia anfirmiye. Na mimi sikumwambia.

Kulala chali siku mbili si kitu. Siku ya tano nilianza kuhesabu mbao za dari. Siku ya kumi nilijua ni ubao gani mjusi anapenda. Kulikuwa na dirisha moja, na kwa jinsi kitanda kilivyoinamishwa, niliona kipande cha kibaraza, kipande cha mbingu na kilele cha mnazi, basi. Mto sikuuona, lakini Lualaba ulikuwa karibu mno, nilisikia kila kitu: kivuko kikipiga filimbi, wapiga kasia wakitukanana, wanawake wakiitana kutoka pirogi, mitumbwi yetu. Kila sauti ya kwenda ng'ambo ilipita masikioni mwangu, na mimi nimewekwa pale miguu juu kama kuku aliyeuzwa.

Nina sababu ya kusema ng'ambo. Kwetu, jina la mtoto wa kwanza halitoki kwa baba wala kwa padri. Liko mdomoni mwa mama wa mama yake. Binti anamleta mtoto wake mpaka kwenye kizingiti cha mlango aliotokea. Bibi anakaa pale, anampakata mtoto, anamwambia jina lake sikioni, mtoto peke yake kwanza. Halafu anamwambia mama yake, sikioni pia. Halafu mama anasimama na kulitangaza kwa watu walio uani. Watu wa upande wa baba, ukoo wa baba wa mtoto hata ukoo wa baba wa mama yake, wanasimama nje ya pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka paani, wasilisikie kabla ya wakati. Mpaka siku hiyo mtoto ni mgeni tu. Unamnyonyesha, unamwogesha, lakini huna la kumwita.

Mama yangu hakuja kwenye uzazi wangu kwa sababu kifua kilimlaza tangu mvua zilipoanza. Siku ya sita ya kulala kwangu, yule dada wa mama wa Pangi alikuja kuuza sombe, majani ya muhogo, kwenye uzio wa hospitali, akapita kumwona ndugu yake, akasimama kwenye kitanda changu.

"Mama yako anakusalimu. Anauliza mutoto utamuleta lini."

"Mwambie mguu unanizuia."

"Nilimwambia. Anasema, mulete mutoto wakati mie ningali na pumzi."

Nilimwomba anfirmiye aniombee ruhusa ya siku moja tu, nivushwe nimelala kama nilivyo, juu ya mlango, juu ya machela, juu ya chochote. Akamwambia Dokta Mukubwa. Dokta akanitazama kwa huruma kabisa, akagonga ubao wa kitanda mara mbili, akasema neno moja. Neno hilo halikuhitaji kugeuzwa.

Basi nikawa somo.

Kila asubuhi baada ya uji walikuja. Dokta Mukubwa aliwafundisha wale vijana kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa mke wa karani aliinua mguu juu, akafunga mpira kwenye paja, akamsimamisha, akawaambia watazame mishipa inajaa kutoka wapi. Kwa mama wa Pangi aliwaonyesha jinsi ya kufunga bandeji kuanzia vidole, si kuanzia kidonda. Kwangu alipenda kitu kimoja: aliwaamuru wafumbe macho, watafute kwa vidole pigo la damu kwenye mgongo wa wayo wangu. Mguu wenye uvimbe unalificha pigo hilo.

"Anasema macho inadanganya," anfirmiye alitunong'oneza. "Kidole haidanganyi."

Wale wawili walilipata. Dokta wa Kampene hakulipata. Alipapasa hapa, akapapasa pale, jasho likamtoka puani na kudondokea mguu wangu. Dokta Mukubwa hakumpigia kelele. Alimsubiri tu, mikono nyuma, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko kelele. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nilisikia kutoka kwa anfirmiye kwamba asiyejua mapigo hatapewa karatasi yake ya masomo, atarudi Kampene kama alivyokuja.

"Na huyu mweupe naye amefungwa hapa," bibi wa Kabambare akasema. "Sikujua wanafungwa na wao."

Mimi pigo lile nililijua. Mtu anayelala mchana kutwa bila kusogea anajua kila kitu kinachogonga mwilini mwake. Asubuhi ya nne, alipofumba macho na kuanza kupapasa, niliinua kidole gumba cha mguu kidogo. Ukiinua kidole hicho, kano inasimama kama uzi juu ya wayo, na pigo liko kando yake tu. Akaukuta uzi. Akateleza kando. Akasimama. Halafu akafumbua jicho moja akanitazama, na mimi nikatazama mjusi wangu.

Tangu siku hiyo tulikuwa na siri. Hakuna neno lililosemwa, na lugha ya kusemea hatukuwa nayo.

Sasa niseme habari ya utepe. Juu ya shavu la mguu wangu wa kushoto, anfirmiye alikuwa amechora mstari kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, na mwingine mguu wa kulia, mahali sawa; wenzangu nao walichorwa yao. Kila asubuhi Dokta wa Kampene alizungusha utepe juu ya mstari, akaandika. Sheria ilikuwa hivi: siku miguu yote miwili itakapolingana, nitakalishwa; nikikalishwa vizuri, nitasimamishwa; nikisimama, napewa karatasi ya kutoka. Mguu ulipungua kidogo kidogo, kama mto unavyopungua kiangazi. Siku nyingine haukupungua.

Dada wa sombe akarudi.

"Mama yako haketi tena. Anakunywa kwa kijiko."

"Anasema nini?"

"Anasema jina liko mdomoni, linamzuia hata kumeza."

Nilimgeukia shangazi. Sikulia. Nilimwambia, "Shangazi, mguu huu utaniua hata bila kipande kupanda moyoni."

Alitoka na sahani kwenda kuziosha.

Kesho yake, wakati wa joto, anfirmiye alipokwenda kula, shangazi alichukua sabuni na kitambaa, akaanza kuniogesha mguu. Polepole, bila kukanda, sheria hiyo aliishika. Akaufuta mstari wa zambarau. Halafu akatoa unyoya wa kuku aliouficha kwenye kilemba, akaenda kwenye kabati la anfirmiye, ambalo aliacha ufunguo tunduni kila alipokwenda kula, akauchovya ndani ya chupa, akachora mstari mwingine. Chini ya ule wa kwanza, upana wa kidole kimoja.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nakukondesha."

"Watajua."

"Mie nilichora nyungu kabla baba yako hajaota meno. Tazama kama mkono wangu unatetemeka."

Haukutetemeka. Asubuhi Dokta wa Kampene akapima, akatazama utepe, akapima tena, akamkimbilia Dokta Mukubwa kwenye kibaraza. Tulisikia furaha yake. Alikuwa ameongeza bandeji mpya siku mbili kabla, kwa mawazo yake mwenyewe, na sasa alifikiri bandeji imefanya kazi. Dokta Mukubwa akampiga bega. Nilimwona kijana yule anatabasamu kwa mara ya kwanza, na nikaona haya, lakini haya haikunizidi. Nilifikiri kizingiti cha mama.

Siku iliyofuata kidole kingine chini.

Kama ingekuwa mimi peke yangu, labda tungefika. Lakini chumba kina macho.

"Mama shangazi," mke wa karani akaanza, kwa sauti ya asali, "hapa kwangu nako mstari umechakaa kidogo."

"Wewe una haraka ya wapi? Mume wako anakuletea mukate kila siku."

"Mie nimechoka kusimamishwa uchi wa miguu mbele ya wanaume wanne. Nichoree."

"Na mie," mama wa Pangi akasema.

"Kidonda hakipimwi na utepe!"

"Wanapima pembeni yake. Nichoree."

Bibi wa Kabambare alicheka mpaka kitanda kikalia. "Munichoree na mie, basi. Huu wangu muukondeshe mpaka nipate kiatu."

Shangazi akawachorea wote. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Yeye moyo wake haukujua kumnyima mtu kitu ambacho mwingine amekipata. Angempa mgonjwa mmoja mchuzi, lazima kijiko kipite vitanda vyote.

Asubuhi yake miguu yote ya chumba ilikuwa imekonda. Hata matende. Dokta wa Kampene alisoma hesabu zake kwa sauti kubwa, mguu baada ya mguu, na wale wenzake wawili wakaanza kuandika kwa wivu. Dokta Mukubwa alisikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye matende, aliinua nyusi. Akauomba utepe. Hakuuzungusha. Aliushika kutoka pia ya goti langu, akaunyoosha mpaka kwenye mstari. Akafanya vile kwenye mguu wa kulia, ambao shangazi hakuugusa. Akarudi kushoto: mstari wa kushoto ulikuwa umeshuka.

Mto ukasikika.

Alisema na Dokta wa Kampene kwa sauti ya chini. Sijui Kifaransa, lakini niliona masikio ya kijana yakiwa mekundu, na wenzake wakitazama sakafu, mmoja akiuma shavu asicheke. Halafu Dokta Mukubwa akamgeukia anfirmiye, akamwonyesha kabati. Chupa ilikuwa ya anfirmiye, ufunguo wa anfirmiye. Yule bwana mwenye mizaha alikuwa amekauka kama samaki.

"Wanasema mie njo niliuza mistari," akatuambia, na sauti haikuwa yake. "Nina watoto watano. Semeni."

Mimi nilikuwa wa kusema, lakini nilitanguliwa. Shangazi alisimama kutoka mkekani, akajifunga kitenge upya kiunoni, kama mtu anayekwenda shambani.

"Mwambie ni mie. Wanafunzi wake wamepima kazi ya unyoya wa kuku. Mwambie binti ya ndugu yangu ana mama anayekufa ng'ambo, na mutoto asiye na jina."

Anfirmiye akageuza. Aligeuza maneno yote, nafikiri, maana alichukua muda. Dokta Mukubwa akavua miwani, akaifuta. Akajibu taratibu.

"Anasema anasikitika. Anasema damu iliyoganda haijui habari ya majina. Anasema walinzi wote wa wagonjwa watoke leo, chakula kipitie dirishani. Na wewe," akaniambia mimi, "unaanza upya."

Wakaleta kalamu ya jiwe la dawa, ile inayounguza ngozi kidogo na kuacha weusi. Dokta wa Kampene mwenyewe alinichorea mstari mpya. Huo haukutoka kwa sabuni wala mafuta. Alipokuwa akichora hakunitazama. Nilitaka kumwambia pole na sikujua ni kwa lugha gani. Mlango wakautia kufuli mchana ule, na shangazi nikamwona kwa mara ya mwisho siku hiyo kupitia dirishani, kilemba chake tu, kikienda.

Siku mbili baadaye, dada wa sombe alikuja moja kwa moja kwenye dirisha. Hakusalimia.

"Leo njo leo," akasema, yaani ndiyo leo, kesho hakuna.

"Shangazi yuko wapi?"

"Iko hapa." Na shangazi akatokea nyuma yake.

Sikufikiri sana. Nilimnyonyesha mtoto kulia, nikamnyonyesha kushoto, mpaka akalegea. Nikamfunga ndani ya kitenge changu cha harusi. Bibi wa Kabambare, ambaye hakuwa amekatazwa kutembea, alimchukua kutoka mikononi mwangu, akauburuta ule mguu wake mpaka dirishani, akampitisha.

"Mwambie mama namtanguliza mtoto," nilisema. "Mwambie nakuja nyuma."

Shangazi alikuwa amempokea, hajageuka bado, Dokta wa Kampene akatokea kwenye kibaraza. Alimjua shangazi. Akamtazama, akatazama kitenge, akanitazama mimi kupitia dirisha. Mtoto wa mgonjwa hakuruhusiwa kutoka bila karatasi. Angeita mlinzi, angekuwa na haki. Tulikuwa tumemwaibisha mbele ya mkubwa wake. Kulikuwa na beseni la kunawia pale ukutani. Akaligeukia, akakunja mikono ya shati, akanawa. Alinawa mpaka nikasikia kasia zinagonga pirogi.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko ile ya kuzaa. Maziwa yalijaa, yakalowesha shuka. Mama wa Pangi alijaribu kunisimulia habari za mjinga mmoja wa kijijini kwao, akaacha katikati. Kila filimbi ya kivuko niliinua kichwa, na kichwa kilikuwa ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kuinua.

Jua lilikuwa bado juu ya mnazi waliporudi. Mtoto alipitishwa dirishani akilia njaa. Shangazi alishika ukingo wa dirisha.

"Mama alimwona?"

"Alimwona. Walimkalisha kwenye kizingiti, watu wawili wakimshika mgongo. Akampakata. Akasema ana masikio yako."

"Akamwita?"

"Akamwita. Alimwekea mdomo sikioni, muda mrefu. Mtoto akanyamaza kabisa."

"Nani?" nikauliza. "Anaitwa nani, shangazi?"

Alinitazama kama mtu niliyemwomba kuiba.

"Mie ni mtu wa baba yako. Nilisimama nje, panapodondoka maji. Nilimwomba, mama, nipe nimpelekee. Akasema, jina si muhogo wa kubebewa kichwani. Aje mwenyewe, nitamwambia. Nitamngoja."

Aliningoja. Siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, ngoma ya msiba ililia ng'ambo, na ngoma ya ukoo wetu naijua kama hatua za mume wangu. Niliteremsha mguu wa kulia. Nikateremsha wa kushoto. Sakafu ilikuwa baridi, na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Bibi wa Kabambare alikuja akaniketisha, akaweka mkono wake mzito juu ya paja langu.

"Ukikufa na wewe leo, huyu mutoto atauliza nani?"

Nikarudisha miguu juu ya matofali.

Madokta walikuja saa yao ile ile. Ilikuwa siku ya majaribio ya mwisho, Dokta Mukubwa angefunga masomo. Dokta wa Kampene akafumba macho, akaweka vidole juu ya wayo wangu. Mimi nilikuwa nasikiliza ngoma. Sikuinua kidole, sikukumbuka hata kwamba nina kidole. Alipapasa. Akasimama. Akaanza kuhesabu kwa sauti, polepole, na hesabu yake ilikwenda sawasawa na kugonga kwangu. Alilipata mwenyewe. Dokta Mukubwa akatikisa kichwa kukubali, wakapita kitanda kingine. Yeye aliacha mkono wake pale kidogo zaidi ya somo.

Walipewa karatasi zao, wakaondoka. Mimi nilipewa yangu baada ya mwezi, kutoka kwa anfirmiye, miguu ikiwa imelingana juu ya mstari mweusi. Nilivuka na bandeji kutoka vidole mpaka paja. Niliketi kwenye kizingiti, nikawauliza wote: waliomshika mgongo, majirani, dada wa sombe. Walisikia pumzi tu, walisema. Mmoja alisema lilianza na sauti ya kufunga midomo. Mwingine alisema hapana, midomo ilikuwa wazi.

Binti yangu alibatizwa, akapata jina la kanisa, na kwa hilo ameolewa na amewazika wazazi wa mume wake. Ni bibi sasa na yeye. Mara nyingine namuuliza, wakati anasuka nywele zangu, "Alikwambiaje?" Anacheka. "Mama, sikuwa hata na meno." Na wajukuu wanashangaa kwamba mimi ninayejua majina ya watu wa kambi nzima, nyumba kwa nyumba, nimwite mwanangu kwa jina la kuazima.

Ule mstari mweusi ulitoka na ngozi baada ya muda. Mguu wa kushoto unavimba hadi leo mvua ikikaribia.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama mke wa karani ndiye aliyekuwa kitanda cha pili na mama wa Pangi cha tatu, mnisahihishe. Kama ngoma ililia siku ya pili na si ya tatu, mnisahihishe. Na kama kuna mtu, au mtoto wa mtu, aliyekuwa ng'ambo siku ile karibu na mlango ule, na nyumbani kwao kulibaki neno lililosikika, hata nusu yake, asinionee haya kwa kuwa nimezeeka. Aje anisahihishe hilo kwanza.